Kipaimara Kwanza, Safari Baadaye

Leicester,
9 Desemba 2023

Kaka Vedastus,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekubaliana na baridi ya Sanya Juu, na yule ng'ombe aliyegoma kula sasa anakula. Mimi sijambo. Bado niko wodini siku nne kwa wiki, imebaki miaka miwili nistaafu, na hii nyumba ya vyumba vitatu ninayoishi peke yangu ni safi kuliko hospitali. Nisalimie majirani wote, hata yule tuliyegombana naye kwa sababu ya mfereji.

Ulisema mambo mazito hayapiti kwenye simu yako, kwamba ikilia tu ukoo mzima umeshajua kabla hujasema haloo. Basi nimeshika kalamu.

Ni habari ya binti yako Stella. Makao ya wazee niliyomwombea kazi huku yamemkubali, na karatasi ya mwajiri itatoka Januari. Lakini wiki hii serikali imetangaza kwamba wahudumu wa wazee watakaoomba viza baadaye hawataruhusiwa kuleta watoto. Tarehe hawajaitaja, wanasema tu ni mwakani mapema. Maana yake ni hii: Stella akiwahi, Violet ataishi na mama yake. Akichelewa, Stella ataingia peke yake na mtoto atabaki huko.

Najua Violet yuko kwako tangu baba yake, marehemu Wenseslaus, atuache, na najua Stella anapanda kutoka Moshi mjini kumwona Jumapili tu kwa sababu ya kazi. Umemlea vizuri, hakuna wa kukupinga. Ila mtoto ana miaka kumi na mmoja na mama yake yu hai. Toa hizo hati zake umpe Stella, waombe mapema. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Dada yako,
Digna


Sanya Juu,
4 Januari 2024

Mdogo wangu Digna,

Marahaba. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Krismasi, Martha wa ofisi ya parokia akaniletea mwenyewe mpaka nyumbani. Ng'ombe anakula. Magoti hayali ila yananila mimi. Watoto wa ukoo wote walipanda kutoka Dar na Arusha, magari yalijaa mpaka kwenye migomba, pipa la mbege likaisha siku ya pili, na jana wameondoka wote kwa mpigo. Nimebaki na Violet na mifupa ya mbuzi.

Sasa nikujibu. Nimefundisha uraia miaka thelathini na moja, na kila mwaka niliandika ubaoni kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Ninyi mmejitoa kwenye umoja wenu wa Ulaya kwa kura, mkawafukuza waliokuwa wakiwaogeshea wazee, na sasa mnawatafuta watoto wa Sanya Juu waje kuwaogesha. Halafu mnasema mama aje, mtoto abaki. Je, nchi ya namna hiyo ndiyo nimpelekee mjukuu wangu? Na nikuulize tena: siku ile ya kura ulikuwa upande gani? Miaka saba nauliza, miaka saba unanijibu habari za hali ya hewa.

Pili, Violet anapata kipaimara mwaka huu. Baba Askofu anakuja Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 7 Aprili. Kadi zimechapishwa, msema chochote amepatikana, na mbuzi wa ndafu anaota manyoya zizini. Mtoto wa kwetu haondoki mlimani bila kipaimara, watu wangesema tumemtorosha. Kipaimara kwanza, safari baadaye. Cheti chake cha kuzaliwa na pasipoti vimo kwenye sanduku langu, havitapotea.

La mwisho, na hili nakuomba kwa jina la mama. Mambo ya mtoto huyu yapitie kwangu. Ukimpigia Stella nyuma ya mgongo wangu kumtia haraka, usiniite kaka tena.

Kaka yako,
Vedastus


Leicester,
22 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Krismasi ilienda vizuri. Huku niliila zamuni, nikala keki ya makopo na mgonjwa aliyeniita Susan siku nzima. Sikumsahihisha.

Umetaja jina la mama, basi nakubali. Sitampigia Stella kwa jambo hili. Nitakuandikia wewe, nawe utamwambia. Hilo ni neno langu.

Na kura nitakuambia, kwa kuwa umenichosha. Nilipiga ya kutoka.

Unakumbuka mama alivyonyimwa viza? Mara ya pili waliandika kwamba hawaamini kama atarudi kwao. Mama yetu, ambaye hakuwahi kulala nje ya kihamba chetu cha migomba ila siku alipopelekwa kujifungua wewe! Mwaka huohuo Luzia, Mreno niliyefanya naye kazi, alimleta mama yake kwa ndege ya asubuhi, kitambulisho mkononi, hakuna aliyemuuliza atarudi lini. Nilimpikia yule mama mtori wa ndizi. Aliusifu sana, nikaenda chooni nikalia. Ilipofika siku ya kura nikasema kama mlango umefungwa, basi ufungwe kwa wote. Na wanasiasa walituahidi waziwazi, sisi wa Jumuiya ya Madola, kwamba tukitoka Ulaya ndipo ndugu zetu watapata nafasi.

Mama alikufa hajaiona nyumba yangu. Luzia alirudi kwao mwaka 2019. Siku anaaga aliwakumbatia wodi nzima, alipofika kwangu akanipa mkono. Sijui nani alimwambia.

Sijutii na sijivunii. Ila nafasi waliyoahidi imekuja kweli, kaka, na sasa inafungwa. Usimfanye Violet alipe kwa sababu mimi umenikamata kwa kura hiyo.

Digna


Leicester,
21 Februari 2024

Kaka Vedastus,

Shikamoo. Mwandiko huu usikutishe. Niliteleza kwenye ngazi zenye maji wiki iliyopita, nimevunjika kifundo cha mkono wa kulia, naandika kwa wa kushoto. Hakuna aliye huko anayejua, hata Stella, na usiwaambie. Sitaki kuombewa na group ya ukoo.

Tarehe imetajwa. Ni 11 Machi.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimeuliza kwa mwanasheria. Wakala amemwambia Stella aombe pamoja na mtoto, ndiyo maana anangoja hati zako. Si lazima! Stella akiomba peke yake kabla ya tarehe hiyo, inatosha. Violet atamfuata hata baada ya miezi sita. Kipaimara chake atapata, ndafu wako utakula, na bado ataenda. Huhitaji kufungua sanduku lolote. Mwambie tu Stella: omba wewe, sasa hivi.

Sista Eliza, yule mtawa wa huko kwetu, anapanda ndege kesho, ataiacha barua hii ofisi ya parokia Jumamosi. Sikutaka kuiamini posta. Nimeshika simu mara tatu leo nikaiweka, kwa sababu ya neno langu kwako.

Tafadhali.

Digna


Sanya Juu,
9 Aprili 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwenye nyumba yenye furaha. Pole sana na mkono, mfupa wa umri wetu hauungi upesi, usinyanyue vitu vizito. Sisi wazima. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yameota, na mimi sauti imekauka kwa hotuba.

Kipaimara kimefana kuliko nilivyotarajia. Baba Askofu alimuuliza Violet swali mbele ya watu wote, vipaji vya Roho Mtakatifu ni vingapi, akavitaja saba bila kukwama. Kanisa likapiga makofi. Ndafu aliingia amechomwa mzima, majani mdomoni, msema chochote akamwita mheshimiwa mgeni rasmi, watu wakavunjika mbavu. Violet alivaa nyeupe, akanikatia keki ya kwanza mimi kabla ya mama yake. Sijawahi kuona siku nzuri namna hii tangu nizaliwe.

Kuhusu ile habari nyingine. Tangu barua yako ya Januari sijapata nyingine, posta zetu unazijua. Stella alipanda hapa Jumamosi tarehe 9 Machi akitaka hati za mtoto, lakini mimi nilikuwa msibani Rombo, ufunguo mfukoni, simu haina chaji. Niliporudi Jumatano akaniambia siku imepita. Wiki ya Pasaka ameomba viza peke yake, kwa kuwa karatasi ya mwajiri ilikuwa inakaribia kwisha muda, na hospitali anakofanya kazi mjini hawakumwongezea mkataba. Ni mipango ya Mungu. Sheria za watu wa huko zinageuka kila siku, labda nyingine itakuja.

Violet anakusalimu. Anauliza huko kuna migomba.

Kaka yako,
Vedastus


Leicester,
3 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Sina habari za kukupa kabla ya jambo lenyewe, nisamehe.

Umenipa pole ya mkono.

Mkono huu niliutaja kwenye barua moja tu, ile aliyoileta Sista Eliza. Sikumwambia Stella wala Martha, na Sista mwenyewe nilimpa barua nimevaa koti refu. Ungekuwa mtu mwovu usingenaswa, kaka. Umenaswa kwa sababu ulilelewa na mama, na hukuweza kuanza barua kwa mtu aliyevunjika bila kumpa pole.

Basi uliipata. Uliisoma. Ulijua Stella angeomba peke yake na mtoto angefuata, na ulikuwa na wiki mbili za kumwambia maneno manne. Badala yake ukaenda Rombo.

Nimerudi kwa yule mwanasheria. Anasema aliyeomba baada ya tarehe 11 hana njia. Akiwa huku miaka mitano, labda. Violet atakuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba.

Niambie tu kwa nini. Sitakuuliza jingine.

Digna


Sanya Juu,
26 Mei 2024

Digna,

Nimepata barua yako. Hapa wote wazima. Stella anaondoka Jumapili ijayo.

Unaniuliza kwa nini kana kwamba wewe ni hakimu na mimi nimefikishwa mbele yako. Nami nikuulize. Mwaka 2009 uliacha uraia wa Tanzania ukala kiapo cha watu wengine. Hukuniuliza. Ukija unapanga foleni ya wageni pale uwanja wa ndege, mimi nakusubiri nje pamoja na wanaosubiri watalii. Nani alianza kutoka kwenye umoja? Ulitoka kwetu, halafu ukawatoa wenzako kwao, na sasa unataka kumtoa Violet.

Na nitasema lile ambalo sote tunalijua. Vyumba vitatu, na miaka miwili ustaafu. Humtafutii Stella mtoto, unajitafutia wewe. Hukuzaa, si kosa lako, lakini usitafute kuzaa kwa kalamu.

Vedastus


Leicester,
15 Julai 2024

Kaka Vedastus,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Uliyoyasema kuhusu vyumba ni kweli. Nilikwishanunua kitanda cha Violet, tangu Novemba, kabla hata Stella hajakubaliwa. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Jioni nilikuwa naingia mle chumbani nakaa.

Stella alifika tarehe 3 Juni. Alikaa kwangu wiki mbili. Alikuwa anatoka alfajiri, anarudi ameishiwa nguvu, anampigia Violet, halafu anakaa kwenye ngazi na simu imeshakatika. Jumapili ya pili tulikuwa mezani, akaniuliza: "Shangazi, kuna mwenzangu kazini anasema angeomba peke yake mapema mtoto angefuata. Ni kweli?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nilikuandikia wewe. Nikampa barua yako ya Aprili aisome, pale penye pole.

Nilidhani atakulaani. Alisoma, akaikunja vizuri, akaosha vyombo vyote. Halafu akaniambia, "Shangazi, namba yangu ya simu ulikuwa nayo."

Nikaanza kumweleza kuhusu neno langu kwako, na jina la mama. Akasema, "Mliheshimiana." Basi. Jumatatu alihamia nyumba ya wafanyakazi, akaomba uhamisho mji mwingine, saa tatu kwa treni. Nikipiga simu hapokei. Aliniachia ujumbe mmoja kwamba ameshaongea na Gabriel, mdogo wake Wenseslaus, kuhusu mtoto. Sijui wameongea nini. Nakuonya tu ujue.

Nina miaka ishirini na mitano huku na nimezika wagonjwa wengi wasio na mtu. Nilikuwa nawahurumia.

Dada yako,
Digna


Sanya Juu,
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Digna,

Marahaba. Barua yako ya Julai ilinikuta tayari yametimia. Mahindi tumevuna, si mabaya. Ng'ombe nimemuuza kwa jirani wa mfereji, maana sina wa kumkatia majani, na yeye ndiye anayekuja sasa kunijulia hali.

Barua yako ya Februari niliipata Jumamosi ileile. Niliielewa yote, mimi ni mwalimu. Msiba wa Rombo ulikuwa wa mtu niliyemfahamu kwa jina tu. Nilijiambia nangoja kipaimara. Haikuwa kipaimara. Niliogopa kuamka asubuhi nyumba haina mtu wa kuniambia shikamoo, hilo tu. Ile ya kuzaa kwa kalamu nisamehe, kama unaweza. Usipoweza nitaelewa pia.

Gabriel alikuja tarehe 30 Juni na gari la mtu anayefanya naye kazi kule kwenye mashamba ya miwa. Alikuwa na maandishi ya Stella. Hakunivunjia heshima, alikaa, akanywa chai. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, nami najua mila, ningebishana na nini? Violet alifunga begi lake mwenyewe. Wamempeleka shule ya bweni ya masista, huko Same. Nilifungua sanduku nikampa Gabriel cheti na pasipoti. Haikunichukua hata dakika moja kuvipata.

Jana ilikuwa siku ya kutembelewa. Nilipika mtori nikautia kwenye chupa ya chai, nikachukua ndizi mbivu na parachichi, nikapanda gari mpaka Bomang'ombe, nikaunganisha Moshi, nikaunganisha Same. Nilifika saa tano. Mlinzi ni mtu mzima kama mimi, akanipa kiti kabla hajaniuliza. Akafungua daftari. Kila mtoto ana watu wake walioandikwa. Violet anao watatu: mama yake, Gabriel, na mke wa Gabriel.

Nikamwambia mimi ni babu yake mzaa mama, nimemlea mwenyewe. Akasema, "Mzee mwenzangu, nakuamini. Lakini bila mama yake kuandika, siwezi kukupitisha." Nikauliza kama chakula kinaweza kupita. Akasema hapana, cha nje hakiruhusiwi. Alisema kwa huruma, na alikuwa anaangalia chini.

Ningekuomba umwombe Stella aandike, ila umesema hapokei simu yako. Yangu pia hapokei.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka saa tisa. Uwanja unaonekana kupitia uzio. Watoto walikuwa wengi, wamekaa na watu wao wanakula. Wote wamevaa sare moja, wote wamenyolewa nywele. Niliangalia mmoja mmoja, Digna, mara nyingi. Sikuweza kumjua ni yupi.

Kaka yako,
Vedastus